Pikipiki ni ya Asha, Kama Inatembea

Tarehe saba ya mwezi wa tatu, siku ya Ijumaa, watu wakiwa bado msikitini, tulimpoteza Mzee Sumaili, fundi wa pikipiki wa mji wa Baraka, kando ya ziwa. Alikuwa mwalimu wangu tangu nilipokuwa kijana asiye na ndevu, na sasa nina wajukuu. Alikufa uani kwake, ameketi kwenye kibao chake cha kazi. Mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, pampu ya mafuta ya pikipiki yake ya zamani ilikuwa imefunguliwa yote, kipande kando ya kipande.

Mimi nilikuwa nimeacha kazi tangu baada ya Noeli. Macho bado yanaona mbali, lakini gololi ndogo hayaioni tena, na asubuhi vidole vinatetemeka. Bahati, ambaye sasa anaongoza garaji yetu, aliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau, kwa ajili yake na wenzake. Shule yangu ilikuwa ndogo, niliishia darasa la sita pale Fizi, kwa hiyo mnivumilie. Sitaandika nililipwa nini miaka hiyo yote. Walionilipa wanajua, na mke wangu anajua kuliko wao. Nitaandika habari za pampu ile, kwa sababu kazi yangu ilianza nayo na imeishia nayo.

Kwanza mjue jambo lililokuwa mbele yetu. Majuma machache kabla ya kufa, Mzee aliwaita ndugu na majirani akatamka mali yake iende wapi. Ilipofika zamu ya pikipiki, alisema, "Pikipiki ni ya Asha, kama inatembea." Asha ni binti yake wa mwisho. Ni mkunga, anazalisha akina mama katika vijiji vya njia ya kupanda Fizi, na njia hiyo mara nyingi anaipanda kwa miguu. Yale maneno ya mwisho, kama inatembea, kila mtu aliyasikia, na Swedi aliyasikia kuliko wote. Swedi ni mdogo wake Mzee, ana mashua za samaki kule Kazimia. Si mtu mbaya. Ila anajuana na mafundi wanaoyeyusha vyuma vyeupe na kufanya sufuria, na injini ile ya zamani ina chuma cheupe cha kutosha.

"Kama haitembei, ni sufuria," alisema kwenye matanga, mbele ya watu. "Sufuria mbili kubwa, na bifuniko yake. Tungoje arobaini. Siku ile ndugu wote batakuwa hapa, kila kintu kitapata mwenyewe."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu alikuwa anarudia maneno ya marehemu. Mimi nilijua kwa nini Mzee aliyaweka. Aliniambia siku moja kwamba chuma kisichotembea ni mzigo juu ya mwanamke: kila ndugu anayepita atamwuliza kwa nini anakiweka. Alitaka kumwachia binti yake pikipiki nzima, ndiyo maana aliifungua pampu. Lakini alikuwa hajairudisha.

Nilifika kwake mara ya kwanza nikitoka Fizi kwa miguu, na barua ya mchungaji mfukoni. Yeye ni Mwislamu wa kando ya ziwa, barua ya mchungaji ingemfaa nini sijui, lakini aliisoma yote na kunirudishia kwa heshima.

"Unajua nini?" aliniuliza.

"Sijue kintu, Mzee."

"Hiyo njo vizuri. Sitakuwa na kazi ya kukutolea mambo mu kichwa kwanza."

Nilidhani nitashika spana. Akanipa kipande cha kioo cha dirisha, kifuniko cha pampu, cha shaba, kidogo kuliko kiganja, na unga laini wa kusagia uliolowana na mafuta. Akasema nisugue kifuniko juu ya kioo, kwa mzunguko, bila kukandamiza, nikigeuza kila mara ili nisile upande mmoja. Kisha akaenda zake. Nilisugua mpaka jua likahama uani. Kila aliporudi alikipangusa, akapaka kioo masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, akakilaza kifuniko juu yake na kukiinua. Mahali palipoguswa na masizi ndipo palipo juu. Pasipoguswa bado ni shimo. Mwishoni kifuniko kizima kilitoka cheusi, sawasawa, kama uso wa maji usiku. Mzee hakunisifu. Alisema tu, "Sasa njo mafuta haina fasi ya kukimbilia." Usiku ule nilipolala mkono wangu uliendelea kuzunguka wenyewe.

Niwaeleze kwa nini, maana ninyi mmezoea pikipiki hizi mpya ambazo mafuta yake yanakaa tumboni mwa injini. Pikipiki ya Mzee ni ya Wabelgiji, silinda moja, mapadri walimpa badala ya kuitupa. Mafuta yake yanakaa kwenye tangi lake peke yake, chini ya kiti. Pampu ina jozi mbili za magurudumu ya meno. Jozi nyembamba inasukuma mafuta kutoka kwenye tangi kwenda kwenye shafti. Jozi nene inayavuta kutoka tumboni na kuyarudisha kwenye tangi. Ile ya kurudisha ni nene kwa sababu lazima ivute zaidi ya yanayoletwa, la sivyo tumbo litajaa na moshi utafunika mtaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama injini ile ina uhai, usisikilize mlio. Fungua kifuniko cha tangi, utazame kama mafuta yanarudi. Yatakuja kwa kutemwa, yamechanganyika na hewa, kama mtu anayecheka akiwa na chai mdomoni. Hapo ndipo unaweza kuondoka.

Na meno yale yakizunguka miaka mingi yanakula kifuniko. Shimo lenyewe huwezi kuliona kwa jicho. Mafuta yanaliona. Ndiyo kazi ya kioo.

Karatasi ya kuziba nayo ni sehemu ya kipimo. Mzee alikata kwa karatasi ya daftari, moja tu, akiigonga kwa kinyundo juu ya ukingo mpaka ikatike yenyewe. Ukiweka karatasi ya mfuko wa saruji, umeongeza nafasi, na kazi yote ya kioo umeitupa. Ukibana bila karatasi, meno yanashika kifuniko. Najua ninyi mnapenda gundi ile ya kubana kutoka kwenye mrija. Inaziba vizuri. Inaziba hata tundu la mafuta.

Vita ilipofika, sisi sote tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Watu walibeba magodoro, mbuzi, mashine za kushona. Mzee alibeba mkeka, Kurani, na pampu ya mafuta ndani ya soksi. Pikipiki yenyewe aliiacha ukutani.

"Mbona haukutoa plagi tu?" nilimwuliza ndani ya mashua.

"Plagi kila mutu anaweza kupata," alisema. "Kama banaikokota, banaikokota. Lakini haitabeba mutu na bunduki."

Miaka ile ya kambi ya wakimbizi sikumwona akilalamika. Kila Jumapili mimi nikienda ibadani, yeye alikuwa anaipaka pampu mafuta na kuizungusha kwa bisibisi ili isishikane. Tuliporudi Baraka, pikipiki tuliikuta katika zizi la jirani, kuku wanalalia tangi. Jirani alisema aliiokoa. Mzee alimshukuru kwa moyo wote. Alimwachia mayai, akachukua pikipiki.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Minembwe, juu milimani. Barabara ilikuwa imefungwa, sokoni Baraka hakukuwa na mafuta ya injini hata ya kupaka bawaba. Muuguzi mmoja aliomba pikipiki ya Mzee azungukie vijiji vya pwani. Mzee alichuja mawese safi kwa kitambaa mara kadhaa, akayatia kwenye tangi la injini. Wengi walifanya hivyo wakati ule. Hapa kando ya ziwa kuna joto, mawese yanakaa maji, na kwa safari fupi injini inavumilia, mradi uyatoe yote baadaye kabla hayajawa gundi.

"Utembee huku chini tu," alimwambia muuguzi. "Usipande yulu."

Muuguzi alikubali. Kisha ikaja habari ya mama aliyeshindwa kujifungua huko juu, na yeye akapanda. Sijawahi kumlaumu, wala Mzee hakumlaumu. Alifika, mama akajifungua salama. Lakini usiku ule wa Minembwe mawese yalifanya kile ambacho mawese hufanya penye baridi. Asubuhi muuguzi alipiga kiki, injini ikaunguruma kidogo, kukasikika mlio kama kijiti kinavunjwa, naye kwa bahati njema akazima.

Mimi na Mzee tulipanda kwa miguu na vyombo mgongoni, tukalala njiani. Tulipofika, wachungaji wa ng'ombe walikuwa wameizunguka. Mzee alifungua tangi. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kigumu, unaweza kukikata kwa kisu.

"Baba, mulileta siagi?" mchungaji mmoja aliuliza. "Sisi tuko nayo hapa. Haikuwa lazima mubebe."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Yule mchungaji ndiye aliyetupa moto, sufuria na maziwa ya kunywa. Tuliyeyusha mawese polepole, tukasafisha kila tundu kwa petroli na unyoya wa kuku. Tulipofungua pampu tulikuta meno ni mazima. Kilichokatika ni pini, kichuma kidogo kinachoshikanisha pampu na shafti inayoizungusha.

Mzee aliiweka pini ile kiganjani akaitazama. "Iko na akili kuliko sisi," alisema. "Imekufa yenyewe ili meno zipone." Akatengeneza nyingine kwa msumari. Nilimwambia tuna kipande cha spoku, ni chuma kigumu zaidi. Akakataa. Pini lazima iwe laini kuliko vyote inavyovilinda. Mwenye kinu cha kusaga mahindi akatupa mafuta ya injini ya kinu chake, hakuuliza tutayarudisha lini. Tulishuka na mvua. Mzee aliendesha, mimi nyuma, na kila tulipopumzika alifungua tangi na kutazama.

Baada ya hapo zilikuja pikipiki za sasa, wakaja madereva wengi, na kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilipofunguliwa karibu nasi kazi ikatuzidi. Vijana walijifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi, na Bahati kuliko wote. Ana sikio zuri. Anaweza kusimama barabarani akakuambia pikipiki inayokuja ina mnyororo uliolegea. Mzee alimpenda, ingawa alimwita "fundi wa kubadilisha", kwa sababu kipande kikiharibika sasa unanunua kingine. Bahati naye alimjibu, "Mzee, weye ni fundi wa kusugua. Ungekuwa na mikono saba, hata sinia ya nyumbani ungeisugua." Mzee alisimulia jibu hilo kwa kila mteja.

Alipokufa, mimi sikukaribia kibao chake. Nilikwenda kwenye matanga, nilichimba kaburi pamoja na wengine, nilimsalimu mjane wake, Mama Asha, ambaye kwa desturi yao alikuwa ameingia eda, anakaa ndani ya nyumba nyuma ya pazia miezi minne na siku zake. Lakini kitambaa kile kilipokuwa kinafunikwa kwa sinia ili vumbi lisiingie, niligeuza uso. Nilifikiri nikigusa vipande vile nitakuwa nimekubali.

Kwa hiyo Bahati aliifanya kazi mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwa heshima. Alisafisha kila kitu, akairudisha pampu kwenye injini, akatia mafuta, akamwita Asha apige kiki. Swedi alikuwepo. Injini iliwaka. Asha, ambaye maisha yake yote alimwona baba yake akitazama mafuta, alifungua kifuniko cha tangi akatazama ndani. Alisubiri. Akasema, "Zima."

"Si inawaka?" Bahati alisema.

"Inawaka, lakini hairudishe kintu. Zima, yaya."

Bahati, ambaye anamwita yaya, yaani kaka, akazima. Swedi akasema, "Inapiga kelele tu, sawa jogoo ya jirani." Hakukuwa na aliyecheka. Arobaini ilikuwa karibu.

Bahati alifungua tena. Kisha akafanya jambo ambalo nataka mlikumbuke, ninyi mnaofanya kazi naye. Kitambaa cha Mzee kilikuwa na alama za mafuta pale kila kipande kilipokuwa kimelala. Bahati alirudisha kila kipande juu ya alama yake, kama alivyokuta. Ndipo akaja nyumbani kwangu kwa miguu.

"Papa Etabo," alisema, "mi nimeshindwa. Na sijui nimeshindwa wapi. Ukikataa kuja nitaelewa, lakini ile kintu itakuwa sufuria."

Nilivaa viatu.

Uani kwa Mzee nilikaa kwenye kibao chake, kwa sababu hakukuwa na kingine. Asha alituletea maji. Nilitazama kitambaa. Kazi ya Mzee ilikuwa ya kupendeza hata imelala. Vipande vilikuwa kwenye mstari mmoja, vimegeuzwa vyote upande uleule. Kila mwisho wa mstari kulikuwa na gololi moja na springi moja.

Hapo lazima nieleze. Pampu ile ina gololi mbili. Moja iko ndani na springi dhaifu. Inazuia mafuta yasishuke yenyewe tumboni pikipiki ikilala. Nyingine iko nje na springi yenye nguvu. Inafunguka pale mafuta yanaposukumwa kupita kiasi. Gololi ni sawa. Springi zina urefu uleule, na kwa uzee wake tofauti ya nguvu ni ndogo sana. Ukizibadilisha, ile yenye nguvu inafunga njia ya ndani, na ile dhaifu inamwaga hata kidogo kinachopita. Injini inawaka, inalia vizuri, na inakufa.

"Ulianzia wapi kuirudisha?" nilimwuliza Bahati.

"Ku mwisho, sawa kila fundi. Kilichotoka mwisho kinaingia kwanza." Akaonyesha upande wangu wa kulia. "Mzee alianza kufungua huku kushoto, akamalizia huku."

"Kwa nini kushoto?"

Bahati alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asubuhi ni asubuhi. "Si ndiyo mwanzo?"

Mimi na Bahati tulifundishwa kusoma na wachungaji. Kwetu mstari unaanza kushoto, hata mstari wa vyuma. Nilimgeukia Asha. "Baba yako alisomea wapi kwanza?"

"Ku chuo, kwa mwalimu wa Kurani," alisema. "Shule ya Wazungu ilikuja nyuma." Kisha akaelewa, na nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Baba alikuwa anafungua hata kalenda kwa nyuma. Kila mwaka mama anaigeuza."

Miaka yote niliyokaa na Mzee nilimwona akianzia kulia. Vyombo, vipande, hata chakula kwenye sinia. Lakini mimi nilikuwa nasimama mbele yake, ng'ambo ya kitambaa, na kwangu ulikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo sikuwahi kuona kwamba ni kitu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mahali pake.

Bahati aliinama juu ya kitambaa. Alihesabu kwa kidole kutoka kulia. "Basi hii ya kulia ndiyo aliyotoa kwanza. Ya nje. Na hii ya kushoto ni ya ndani." Akaondoa kidole. "Nilizigeuza zote mbili."

"Ulizigeuza. Na umezirudisha fasi yake, njo maana tunaona."

Tulifanya kazi siku ile na iliyofuata, mchana. Kifuniko kilikuwa kimeliwa tena na meno, kwa hiyo nilimpa Bahati kioo. Alisugua bila kusema neno la mzaha. Mimi nilipaka masizi. Nilisema bado, akasugua tena. Nikasema bado. Kilipotoka cheusi chote alikishika dhidi ya mwanga, na nikaona amekipenda. Asha alikata karatasi, kwa sababu mikono yangu haiwezi tena kinyundo kile. Tulitia mafuta ndani ya pampu kabla ya kuifunga, maana pampu kavu haivuti, inazungusha hewa tu.

Kabla ya kuifunga kwenye injini tuliijaribu ndani ya beseni la mafuta. Bahati alizungusha kwa bisibisi, na mtu anaweka kidole kwenye tundu la kutokea ili asikie msukumo. Niliweka changu. Nitasema ukweli, sikusikia kitu, na sikujua kama ni pampu au ni kidole. Nikamwambia Asha aweke chake. Vidole vya mkunga vimezoea kusikia vitu ambavyo havionekani. Alifumba macho.

"Inasukuma," alisema. "Kidogo kidogo, lakini haiachi."

Siku ya arobaini ndugu walikusanyika, dua ikasomwa, wali na nyama vikaliwa. Mimi nilikaa na wakristo wenzangu karibu na ukuta. Baada ya kunawa mikono Swedi alisimama, akasogea kwenye pikipiki. Hakuwa na furaha usoni. "Haya," alisema. "Maneno ya yaya ni maneno ya yaya."

Asha alifunga kitenge vizuri juu ya suruali, akapiga kiki. Injini ilikohoa. Akapiga tena, ikawaka, ule mlio wake mzito wa taratibu ambao watu wa mtaa huu wanaujua. Bahati alifungua kifuniko cha tangi, sote tukainama.

Hakuna kilichorudi.

Tumbo la injini lilikuwa tupu kwa sababu tulilisafisha, kwa hiyo mafuta lazima yashuke kwanza, yajikusanye, ndipo yavutwe. Niliyajua hayo. Lakini kuyajua na kusimama pale ni mambo mawili. Bahati alipeleka mkono kuzima. Nikasema, "Ngoja." Sikuwa na hakika. Nilisema hivyo kwa sababu Mzee angesema hivyo, na kwa sababu Asha alikuwa ananitazama. Kama nilikosea, shafti ilikuwa inakauka mbele ya macho yetu na hakuna duka duniani ninalolijua linaloweza kumpa nyingine. Swedi alikuwa ameshika mikono nyuma. Mtu mmoja alianza kusema kitu, mwingine akamnyamazisha.

Kwanza ilitoka hewa. Ilipiga chafya ndogo ndani ya tangi. Kisha tone, kisha hewa tena, halafu uzi wa mafuta, mwembamba, umekatika, ukaungana, ukaanza kutemwa ndani ya tangi kama inavyotakiwa.

Swedi aliingiza kidole tangini, akakitoa kikiwa kimelowa, akakitazama pande zote mbili.

"Hii haiko sufuria," alisema.

Baadhi ya watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, akajifuta kidole kwenye shingo ya kanzu ya binamu yake. Kisha akatazama jua. Mashua yake ilikuwa inamngoja pwani ipeleke watu Kazimia kabla upepo haujageuka. Akamsogelea Asha, akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Mutoto ya yaya, unaweza kunifikisha mpaka ku mashua? Miguu yangu leo si mizuri."

"Panda, baba mudogo," Asha alisema. "Lakini ushike kiti, usinishike mie."

Akapanda, na kanzu yake na kifurushi chake cha nyama ya arobaini, wakatoka langoni. Bahati alisimama barabarani akisikiliza mpaka mlio ukaisha upande wa ziwa. Alisema mnyororo unahitaji kukazwa.

Tulikaa. Watu walianza kuondoka. Baadaye tuliusikia tena mlio, ukikua, na Asha akaingia uani peke yake. Alizima, na kabla ya kushuka akafungua kifuniko cha tangi akatazama. Akaniitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Nilikwenda mlangoni kumwambia Mama Asha, kwa kuwa hakuweza kutoka kuona. Nilisimama nje ya pazia, nikabisha hodi, nikamwambia mafuta yanarudi, na pikipiki ni ya mtoto.

"Nimeisikia," alisema kutoka ndani. "Ilipoingia mu lango ya lupango sasa hivi, nilisimama nikamimina chai ya Mzee. Nilipomaliza kumimina njo nikakumbuka."

Nilisikia kikombe kikiguswa.

"Haiko vizuri chai kumwangika," alisema. "Mupelekee Asha."

Mkono wake ukatoka chini ya pazia na kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikampelekea Asha, naye akakinywa akiwa amesimama kando ya pikipiki.